Kiti cha Karibu na Dirisha

Siku yangu ya kwanza ya kidato cha kwanza, katika shule moja ya bweni huko bara, mwalimu wa hesabu aliita jina langu, akauliza ninatoka wapi, na nilipojibu kuwa ni Lamu akaniambia nikae karibu na dirisha ili upepo unizuie kusinzia. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Mgeni angefanya nini?

Sikuamini hata siku moja kwamba watu wa Pwani ni wavivu. Mjomba wangu alikuwa akishona kofia, na nimemwona akikaa kwenye baraza ya nyumba yetu Langoni tangu Alasiri hadi adhana ya Magharibi, akizungushia uzi vitundu vya kofia moja wiki baada ya wiki. Hata hivyo, mtihani wa kwanza ulipofika, akili yangu ilifanya kazi mbili kwa pamoja: kutafuta jibu, na kuchunga nisije nikawa ushahidi wa ule mzaha. Swali la kujumlisha robo tatu na theluthi mbili, ambalo nilikuwa nikilifanya tangu shule ya msingi, nililifuta mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Nilipokuwa nikisomea ualimu ndipo nilipokutana na kazi ya wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson, iliyochapishwa mwaka 1995. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi weusi walioambiwa kwamba mtihani unapima akili walifanya vibaya kuliko weupe wenye alama za awali zinazolingana na zao. Maswali yaleyale yalipoelezwa kuwa zoezi la utafiti tu, pengo hilo lilipungua sana. Lililonigusa zaidi ni jaribio la wachumi Karla Hoff na Priyanka Pandey huko India, lililochapishwa mwaka 2006, ambapo wavulana wa tabaka la chini walitatua mafumbo ya kutafuta njia vizuri kama wenzao wa tabaka la juu, lakini pale tabaka la kila mmoja lilipotangazwa mbele ya wote, walifanya vibaya. Jina la mtoto, la baba, la babu, kisha tabaka. Niliposoma hapo nikaiona rejista ya yule mwalimu.

Hii si kanuni ya kila mahali, kwani utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, uliitafuta athari hiyo kwa wasichana, wanaodhaniwa kuwa dhaifu katika hesabu, na haukuipata. Lakini alama ndizo zilizo rahisi kupima; mengine hayaonekani kwenye karatasi. Mwenzangu akipata 38, jioni alikuwa uwanjani akicheza mpira. Mimi nikipata 38, nilihisi nimeambiwa nirudi kwetu. Nikaacha kuuliza maswali darasani, nikaificha lafudhi yangu, hata niliporudi likizo mama akaniuliza, “Mwanangu, siku hizi wanena kama nani?”

Sasa ninafundisha hapa hapa Lamu, na mwaka jana nilimwambia mwanafunzi aliyehamia kutoka bara, kwa kile nilichodhani ni utani, “Wewe insha ya Kiswahili utaiweza kweli?” Wenzake wakacheka, naye akacheka, ila kalamu yake ikasimama. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa lilelile. “Hamna shida, mwalimu,” akasema. Ilipita karibu mwezi kabla hajainua mkono tena.