Ncha ya Pili ya Ubao

Shalom ndugu zangu,

Jumatatu usiku nililala bila kuhesabu Omer, ile hesabu ya kila usiku kati ya Pasaka na Shavuot, sikukuu ya majuma. Sikuumwa wala sikuwa safarini. Nilirudi nimechoka, nikala, nikajiambia nitahesabu nikishaoga, usingizi ukanipitia. Jumanne nayo ikaenda mbio. Nilikuja kukumbuka usiku, nyota zimeshatoka na siku mpya kwetu imeshaanza, nimesimama mbele ya friji naitazama kalenda niliyoibandika mlangoni. Kisanduku cha siku ya 17 hakina alama.

Wanaohesabu wanajua uzito wake. Torati imetuagiza kuhesabu majuma saba kamili, siku 49, kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi tufike Shavuot. Aliyesahau usiku huhesabu mchana bila ile baraka inayotamkwa kabla ya kuhesabu, kisha akaendelea kama kawaida. Lakini aliyepitisha usiku na mchana wake wote huendelea kuhesabu hadi mwisho, ila haitamki tena baraka hiyo. Wako marabi waliosema siku zote 49 ni amri moja, ukipatoboa mahali imevuja yote. Wengine wakasema kila usiku una amri yake. Uamuzi uliobaki mikononi mwetu ni wa tahadhari: baraka iachwe, hesabu isiachwe.

Kwa miaka mingi niliiona sheria hiyo kama viboko vya msahaulifu. Juma hili nimegundua jambo ambalo halimo ndani yake. Uamuzi tulioachiwa hausemi, basi wewe kaa pembeni, utaanza upya mwakani.

Ndipo nikamkumbuka Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa Torati wa zamani, maana siku hizi za Omer zina habari yake.

Akiva alifika miaka 40 hajui hata alef, herufi ya kwanza ya Kiebrania. Alikuwa mchungaji wa mifugo ya tajiri mmoja, na wasomi alikuwa hawapendi kabisa. Baadaye alikiri mbele ya wanafunzi wake: enzi zile nilikuwa nasema, nipatieni msomi nimng'ate kama punda. Wakamwambia, mwalimu, sema kama mbwa. Akajibu kwamba mbwa aking'ata havunji mfupa, punda huvunja. (Nawashukuru waliokusanya Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, kwa kutoifuta kauli hiyo. Wangeweza.)

Siku moja alisimama kwenye kisima, akaona jiwe lenye shimo. Akauliza nani amelichonga. Wakamwambia ni maji yanayolidondokea kila siku. Akawaza: ikiwa kitu laini kimechonga kitu kigumu, je, maneno ya Torati, magumu kama chuma, yatashindwa kuuchonga moyo wangu ulio nyama na damu? Wahenga wetu walisema chururu si ndo ndo ndo, na ni kweli ukiwa na haraka ya kujaza ndoo. Jiwe halijazwi. Linahitaji tone litakalorudi kesho palepale.

Wengi tukisimulia habari hii tunarukia mwisho, maelfu ya wanafunzi na sifa zake. Mimi sipendi kuondoka haraka pale alipoanzia. Akiva alimchukua mwanawe wakaenda wote wawili kwa mwalimu wa watoto. Akasema, rabi, nifundishe Torati. Akashika ncha moja ya ubao, mwanawe akashika ncha ya pili, mwalimu akawaandikia alef, bet. Kwa lugha yetu tungesema aliingia ngumbaru, tena ngumbaru ya chekechea. Vidole vilivyozoea fimbo ya kuchungia vikashikilia ubao usitikisike, mtoto akiwa upande wa pili akisoma herufi ileile. Ujasiri wa kukaa pale naona unazidi ule wa kusimama mbele ya umati.

Wanafunzi wakaja, 24,000 kwa hesabu ya Talmud. Wakafa wote kati ya Pasaka na Shavuot, na sababu iliyotajwa ni kwamba hawakuheshimiana. Ndiyo maana majuma haya wengi wetu hatufanyi harusi wala hatunyoi nywele, hadi Lag BaOmer, siku ya 33. Na mwalimu wao ndiye aliyefundisha kwamba "mpende jirani yako kama nafsi yako" ndiyo kanuni kuu ya Torati! Bila shaka waliijua kwa moyo. Waliweza kuijadili mpaka taa ikazimika, na asubuhi mmoja akampita mwenzake bila salamu. Nasema hivyo nikijua kuna mtu katika sinagogi yetu ambaye tangu Purim, sikukuu iliyotangulia Pasaka, namkwepa mlangoni, na ninayemkwepa huwa ananisahihisha masomo yangu ya Kiebrania, tena huwa ana haki.

Baada ya vifo hivyo, inasemwa, dunia ilikuwa ukiwa. Akiva hakuwa kijana tena. Akaenda kusini akaanza upya na watano tu: Meir, Yehuda, Yose, Shimon na Elazar ben Shamua. Hao ndio walioisimamisha Torati wakati ule. Huyu mzee aliwahi kuanza na alef akiwa na miaka 40, basi kuanza hakukuwa kugeni kwake.

Kijana wangu, aliyefanya bar mitzva (kufikia umri wa kushika amri) mwaka jana, hajakosa hata usiku mmoja. Jana nilimwita mbele ya friji. Nikamweleza kwamba siku yangu moja imepotea, hivyo abariki yeye, mimi nitaitikia. Akanitazama kidogo, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda sana, kisha akabariki. Nikasema Amina. Tukahesabu pamoja: leo ni siku ya kumi na tisa, ambazo ni majuma mawili na siku tano za Omer. Akachukua kalamu akaweka alama. Kile kisanduku cha 17 tumekiacha wazi.

Shabbat shalom.