Akanikojolea, nikashukuru

Jana huyu wangu wa mwisho kaja na daftari la sayansi, anauliza maji lita moja ya kumpa mtoto anayeharisha yanawekwa sukari vijiko vingapi, na kabla hajamaliza swali nishamjibu: 6 vya chai, vya kusawazisha sio vya kujaza kilima, na chumvi nusu kijiko. Akanikodolea macho. "Mama umejuaje?" Nikamwambia andika tu.

Nimejuaje! Si wewe ndo ulinifundisha.

Huyuhuyu wa mwisho alikuwa hajatimiza mwaka. Mvua zimekaza, mto umejaa, na kule tulikokuwa tunaishi ukishasema mto umejaa habari imeisha, hakuna pikipiki, hakuna zahanati, simu mpaka upande juu ndo upate mtandao. Baba yao yuko ng'ambo ya mto. Mtoto akaanza kuharisha mchana, jioni akaongeza na kutapika, pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji akiharisha, zilishaisha zamani. Jirani, mama mtu mzima mwenye roho nzuri kweli, akaniambia nimnyime maji eti ndo yanamzidishia. Nikamwitikia haya mama, alipotoka tu nikabandika maji jikoni.

Usiku sasa. Nimempakata, tochi nimeibana kwa meno. Analia machozi hayatoki, mdomo mkavu, macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya tumbo kama tulivyofundishwa kliniki, nikaachia, ikabaki imesimama kwanza ndo ikarudi taratibu, haina haraka kabisa. Vidole vyangu vinaikumbuka ile ngozi mpaka leo. Kijiko. Subiri. Kijiko. Akitapika natulia kama dakika 10 hivi naanza tena, polepole zaidi, katikati namwekea titi, ananyonya kidogo anaachia. Nilikuwa naongea peke yangu, mara na Mungu, mara na ule mto, huku wale wakubwa wamelala na mmoja anakoroma, yaani nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe.

Karibu na alfajiri nikahisi joto kwenye paja. Nikajua kaharisha tena. Kumulika, mkojo! Kidogo tu, umekolea njano, lakini mkojo. Nikacheka kwa sauti usiku ule mpaka aliyekuwa anakoroma akaamka.

Maji yalipopungua tukavuka, zahanati wakampa vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, apewe siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata, tukarudi nyumbani. Nesi akanisifu, wewe mama ni jasiri. Sikufurahi, sijui kwa nini, nilitamani kumuuliza jasiri wa nini, kwani nilikuwa na pa kwenda? Nikisimulia siku hizi watu wanasema ndo malezi yenyewe hayo, watoto wanakomaa. Sawa, wamekomaa, na mengi ya kule niliyapenda, wangu walikuwa wanashinda nje wanarudi giza likiingia na hakuna gari la kuwagonga. Ila yule alikuwa anaharisha. Ingekuwa nimonia je? Sukari na chumvi zingefanya nini?

Baba yao aliporudi nilimuuliza hivohivo. Akakaa kimya muda mrefu, kesho yake akaondoka, akarudi na boksi zima la ORS, akaliweka juu ya kabati. Tukaendelea kuishi kulekule.