Chakula cha kambi ya Kolo: stoo ya shangazi ilitutosha

Ndugu zangu mlioko nje mnaojiandaa kwenda likizo nyumbani, hasa nyie wa Dodoma, Singida na Kondoa: mkitaka kuwachukua ndugu zenu mkalale porini pamoja, msianze na mahema. Anzeni na chakula. Na kabla ya chakula, jiulizeni nani atabaki na masufuria wakati wengine wanapanda mlimani.

Huku Calgary ninakoishi, kupiga kambi ni jambo la kila kiangazi. Tunakwenda Banff, mwendo kama wa saa moja na nusu kwa gari, watu wa kazini na familia zao. Wiki mbili kabla, mtu mmoja anatuma jedwali: mlo gani, siku gani, nani wawili wanapika, nani wawili wanaosha vyombo. Kila mtu anajaza jina lake, awe bosi au mfagizi. Vyakula vyote, mpaka dawa ya meno, vinafungiwa kwenye gari au kwenye makabati ya chuma kwa sababu ya dubu. Nilichokipenda zaidi ya milima yenyewe ni kwamba hakuna mama aliyekwenda pale kupika kutwa. Kila mmoja alipata zamu yake, na kila mmoja alipata ziwa lake la kukaa pembeni akitazama.

Sasa fikirieni kwetu. Msibani, harusini, kwenye mahafali, wanaokaa jikoni ni walewale. Shangazi yangu amepita barabara ya Kondoa mara nyingi mno akienda Babati kwa mwanawe, na hajawahi kushuka Kolo, kijiji cha wilaya ya Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani. Watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama. Iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikwishaishughulikia tangu 1951, akiinakili mchoro kwa mchoro. Miamba yenye michoro katika eneo lile inazidi 150. Shangazi anaishi safari ya saa chache tu kutoka pale. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nipange safari.

Niliporudi Agosti nikamwambia, "Shangazi, safari hii wewe una mlo mmoja tu wa kupika. Mingine utakula."

Akanitazama. "Na hao watoto wa kiume watatulisha nini, mwanangu?"

"Uji, shangazi. Uji wataweza."

Tulikuwa watu 12. Nilikuwa nimekuja na mawazo ya Kanada: deli kubwa la barafu, soseji, nyama iliyogandishwa, maziwa, saladi. Kanuni ninayoifuata huku ni kwamba chakula kinachoharibika kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 basi ni saa moja. Ukiishika kanuni hiyo Dodoma, nusu ya akili yako inabaki kwenye barafu: imeyeyuka kiasi gani, nani amefungua deli, nani ameliacha juani.

Shangazi akanifungulia stoo yake. Unga wa uwele. Unga wa mtama. Karanga zilizokwisha kukaangwa na kusagwa. Choroko. Unga wa ubuyu. Mlenda mkavu kwenye kopo, uliochumwa wakati wa mvua, ukaanikwa, ukatwangwa. Mafuta ya alizeti. Asali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai barafu. Kwetu Dodoma kuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka na kiangazi kirefu, na bibi zetu walikwisha kupiga hesabu ya chakula kinachokaa miezi bila kuoza. Huku Kanada, maduka ya vifaa vya kambi yanauza pakiti za chakula kilichokaushwa, unaongeza maji ya moto unakula. Pakiti ya mtu mmoja inazidi dola 10. Kopo la mlenda la shangazi linafanya kazi ileile na linalisha ukoo.

Tukakaa mkekani na daftari. Kwanza maradhi, maana hilo ndilo la kuuliza kabla ya bei. Mama mdogo ana sukari, kwa hiyo milo iwe na saa zake maalumu na asikose kitu cha kula mkononi akipanda mlima. Mtoto wa kaka hali karanga kabisa, zinamdhuru. Basi sufuria yake ndogo, mwiko wake, na mboga yake itengwe kabla karanga hazijaingia. Halafu vipimo: unga kilo mbili kwa mlo mmoja wa ugali, mchele vilevile, choroko kilo moja na nusu. Maji tulihesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kwa watu 12 na siku mbili ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20. Msitegemee mto. Mito mingi ya huko Agosti ni mchanga mtupu.

Zamu tukaziandika kwenye karatasi ileile, na majina. Kaka zangu wawili, uji wa asubuhi. Wifi na mume wake, choroko na wali. Vijana, nyama ya usiku wa kwanza. Shangazi na mimi, ugali na mlenda. Anayepika haoshi vyombo. Baba mkubwa alipopewa zamu ya vyombo alinyamaza kidogo, kisha akauliza sabuni itanunuliwa na nani. Nilimshukuru moyoni, kwa sababu baada yake hakuna aliyepinga tena.

Mboga tulinunua soko la Majengo asubuhi ya safari: nyanya ngumu, vitunguu, ndimu, viazi vitamu. Chapati na maandazi yalikwisha kupikwa nyumbani jana yake, yakawa chakula cha mchana njiani, ili siku ya kwanza moto uwashwe jioni tu. Agosti ni msimu wa zabibu, tukachukua ndoo nzima. Nyama ya mbuzi hatukutoka nayo Dodoma. Tulinunua kilo nne buchani Kondoa mjini alasiri ile, ikachomwa na kuliwa usiku huohuo ikaisha. Nyama ni kitu cha usiku wa kwanza, na mkishakula msahau habari yake mpaka mrudi mjini.

Pale Kolo mnaanzia ofisini, mnalipa, mnapewa mwongozaji. Mwulizeni mahali pa kuwasha moto na mfuate neno lake. Usipike karibu na miamba yenye michoro hata kama kuna kivuli kizuri. Moshi na masizi vinaiharibu rangi ambayo imekaa pale vizazi na vizazi. Upepo wa Agosti nao ni mkali. Tulichimba kidogo mchangani, tukapanga mafiga, tukazungushia mawe upande unakotoka upepo. Mtungi mdogo wa gesi tuliubakiza kwa uji na chai ya alfajiri, kwa sababu usiku wa kule ni baridi na hakuna anayetaka kupuliza kuni akitetemeka. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono tulikifunga kwenye mti kabla hata ya hema la kwanza kusimama, na sabuni pembeni yake. Tumbo likiharibika kambini, safari imeharibika. Vyakula vyote tulivifungia garini usiku, kama Banff, ila huku ni kwa ajili ya nyani na fisi.

Kaka walipika uji wa uwele wakaumalizia na ubuyu na asali. Ulikuwa mzito na mchachu kwa mbali, na watu waliongeza. Kufikia saa moja na nusu vyombo vilikwisha kuoshwa na watu wote 12 wakaanza kupanda, kila mmoja na maji na zabibu zake. Wote. Hakuna aliyebaki kuchambua mchele. Shangazi alisimama mbele ya wale watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, akamuuliza mwongozaji maswali mpaka vijana wakakaa chini kumsubiri. Alitaka kujua rangi ilichanganywa na nini, na kwa nini wenyeji bado wanakwenda Mungomi, mojawapo ya miamba ile, kuomba mvua. Alikuwa na maswali ya miaka yote aliyopita barabarani bila kushuka.

Jioni ilikuwa zamu yetu. Maji yakichemka, shangazi alitia magadi kidogo kwa ncha za vidole, akanyunyiza ule unga wa mlenda kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga, kisha akashika upekecho kati ya viganja na kuuzungusha haraka, mbele na nyuma, mpaka ute ukaanza kuvutika bila kukatika. Ya mtoto ikatengwa. Karanga zikaingia, nyanya, chumvi. Haikufika dakika 20. Ugali wa uwele ulichukua muda zaidi kuliko mboga. Tulikula kwenye sinia mbili, na baba mkubwa akaosha vyombo vyote bila kukumbushwa.

Kuhusu fedha, tulichanga sawa kwa watu wazima, nami nikalipa gari. Nawashauri mfanye hivyo hivyo. Ukilipa kila kitu kwa sababu umetoka nje, watu wanakuwa wageni wako, na mgeni hapangiwi zamu ya vyombo.

Mwakani shangazi anataka bwawa la Mtera, njia ya Iringa, kwa ajili ya perege. Hesabu yake ni tofauti kabisa: samaki watanunuliwa kwa wavuvi asubuhi na waliwe mchana, ndimu na chumvi ziwe nyingi, na sufuria ya kukaangia iwe pana. Zamu ya kuparua magamba nimekwisha kuiandika jina langu.