Mwizi wa Mgono

Mgono wa babu ulisukwa kwa matete, na mimi wa darasa la nne ulinizidi urefu. Mbele una mdomo mpana, na ndani ya mdomo huo kuna mwingine mwembamba wenye ncha zinazoelekea ndani. Samaki akishapenya, akitaka kugeuka zinamchoma. Nyuma babu aliuziba kwa bunda la majani makavu, na huko ndiko tulikotolea samaki kila asubuhi.

Ilikuwa Juni 1995, likizo. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, kwa hiyo kutoka Dar es Salaam ilibidi tuvuke Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na foleni yake ilimtosha mtu kula muwa mzima na kulala. Babu na bibi walikuwa wameshahamia bondeni, kwenye dungu lao la miti lililoinuliwa juu ya mpunga. Mafuriko yalikuwa yamerudi mtoni na kuacha madimbwi. Kambale, perege na kitoga walikuwa wakitafuta njia ya kurudi, na njia yenyewe ilikuwa mfereji mmoja mwembamba. Mgono ulilala hapo.

Bibi aliniita mume wangu, babu akijifanya kuona wivu. Mchana mimi na kaka, mtoto wa mama mkubwa aliyelelewa hapo, tuliwinga ndege kwa makelele na udongo wa kurusha. Usiku ilikuwa zamu ya babu na debe lake, kwa ajili ya viboko. Kiboko akitafuna mpunga gizani unamsikia kama mtu anayeng'oa mkeka. Sharti la bibi lilikuwa moja tu: kwenye maji usiende peke yako, na usichuchumae mahali pale pale kila siku, maana mamba anakariri. Yeye mwenyewe alichota kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu.

Siku moja tukakuta bunda limechomolewa na mgono mtupu. Kesho yake tena, magamba tu yakielea. Babu akauliza nani kapita mferejini alfajiri. Nikasema nimemwona kaka.

Na kweli nilimwona. Alikuwa akienda kuwinga ndege, upande mwingine kabisa, na hilo nililijua. Sababu yangu ilikuwa ya kitoto: juzi yake alinicheka mbele ya wenzake eti mtoto wa mjini nashika ndoana kama nashika sindano. Kaka alikula fimbo tatu, na usiku ule akala wali mkavu. Hakujitetea sana. Aliniangalia tu, mimi nikaangalia sahani.

Alfajiri iliyofuata nikashuka dungu peke yangu. Sijui nilitaka nini, labda nimkute mwizi mwingine ili dhambi ipungue. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Mgono ulikuwa ukitikisika. Nikasogea, nikaona ngozi nyeusi yenye madoa ya njano, makucha, mkia. Mamba! Miguu ikagoma. Kichwa kikatoka pale penye bunda, kambale akiwa amebanwa kati ya meno, ulimi wenye ncha mbili ukitoka na kurudi, nikatambua ni kenge. Nilipiga kelele, nikadhani atakimbia. Kweli alikimbia, ila kwanza alinichapa mkia kwenye muundi. Babu hakuwahi kunichapa namna ile. Nikaanguka kwenye tope, nikaamka mbio, kandambili moja ikabaki huko.

Bibi alipouliza kuhusu mguu nikasema nimejikwaa. Akautazama ule mstari mwekundu, akasema, "Haya, mume wangu, kisiki kimekuchapa." Hakuongeza neno.

Babu alikawia mferejini. Aliporudi alikuwa na kambale mmoja mkubwa aliyesalimika na kandambili yangu mkononi. Mtu aliyezeeka bondeni haambiwi kitu. Tope lilikuwa limeshamweleza: nyayo za makucha, mstari wa mkia katikati yake, na nyayo za mtoto zilizokwenda taratibu zikarudi kwa mbio. Akaiweka kandambili karibu na jiko, mahali ambapo kila mmoja angeiona, akaenda kutafuta matete ya kuziba tundu.

Usiku, wali ulipopakuliwa, babu alilisukuma bakuli la samaki mbele ya kaka. "Leo unagawa wewe."

Kaka akampa babu kichwa, bibi kipande cha kifua, yeye mwenyewe akachukua cha katikati, kinene kinachotona mchuzi wa nazi. Kisha akainua ncha ya mkia, ngozi na miiba mitupu, akaiweka taratibu juu ya wali wangu.

"Wa asubuhi haukukutosha," akasema. "Ongeza na huu."

Bibi alicheka mpaka dungu likatikisika.