Pesa ya Uzeeni Niliyoila Kabla ya Uzee

Baba mdogo kanipigia kutoka Ujiji. Salamu hazijaisha, anasema: "Tumesikia umechukua mafao yote. Basi tuletee za bati." Nimemjibu kwa heshima, lakini nimeumia. Kigoma tunajua mafao ni nini: ni fremu ya duka Mwanga, ni nyumba kuisha. Ndiyo maana kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, kiliwatoa watu machozi. Yangu si hayo.

Nilikuwa nahudumia wazee hapa Marekani, zamu za usiku. Kila mshahara walikata kidogo kikaingia kwenye 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, na mwajiri akaongeza chake. Kisha kiharusi kikanipooza upande wa kulia. Mkono huu haumgeuzi tena mgonjwa kitandani. Malipo ya ulemavu ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali, hayaanzi mpaka miezi 5 kamili ipite, na bima ya afya ya serikali, Medicare, husubiri miezi 24 tangu uanze kustahili malipo hayo. Mwenye nyumba hasubiri. Ningekula nini?

Ukiitoa akiba hiyo kabla ya miaka 59 na nusu, unatozwa faini ya 10%, na kodi ya mapato bado iko palepale. Mwenye ulemavu wa kudumu husamehewa faini, kodi hasamehewi. Lakini daktari lazima athibitishe kwamba huwezi kazi yoyote ya maana ya kukuingizia kipato, na kwamba hali hiyo ni ya muda mrefu usiojulikana mwisho, au ya kukufikisha kaburini. Hebu fikirini kuipokea barua kama hiyo inayokuhusu wewe, halafu nyumbani wanakuita tajiri.

Barua niliipeleka. Pamoja na hayo kampuni inayotunza akiba ikanitumia fomu 1099-R, ya kuonyesha pesa uliyotoa, yenye namba 1 kwenye kisanduku cha 7, yaani nimetoa mapema bila sababu inayojulikana. Ulemavu ni namba 3! Kwa anayetoa dola 40,000, tarakimu hiyo ni faini ya dola 4,000, na tayari wameshazuia 8,000 za kodi. Nikapiga simu, nikahamishwa dawati hadi dawati, hakuna aliyerekebisha.

Aliyeniokoa ni mama mmoja Mmarekani anayejitolea kuwajazia watu fomu za kodi bure maktaba. Alisoma barua yote, akachukua Fomu 5329, ya hesabu ya faini hiyo, akaandika 03 penye sababu ya msamaha, akanisisitiza niitunze barua ya daktari. Hakutaka hata senti. Mungu ambariki, maana ndugu wa damu hawakuniuliza hata mkono unaendeleaje.

Nyie mnaojiandaa kuja, mwajiri akisema anachangia akiba, jiunge siku hiyohiyo, usiseme utarudi Kasulu karibuni. Na fomu ikifika, angalia kisanduku cha 7 kwanza.

Baba mdogo, pesa iliyobaki ni kodi ya nyumba na dawa za presha. Za bati sina.