Vile niliweka Linux kwa laptopu tatu za mtumba hapa Kisumu

Shemeji yangu ana kasaiba pale Kondele, kazi ni kutaipu, kuprinti na kujazia watu fomu. Kompyuta zake zilikuwa zimezeeka hadi moja ilikuwa haiwaki mpaka uigonge kofi kando. Akaniambia shemeji, nitafutie laptopu tatu lakini usinipeleke zaidi ya elfu kumi na mbili kila moja.

Kwa hiyo bei unapata zile za ex-UK, HP na Lenovo za kor i5 jenereshoni ya tatu, ram GB 4. Mashine ngumu, kibodi tamu, shida ni Windows. Ya 10 Microsoft walimaliza sapoti yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11 inataka TPM 2.0, yaani kichipu cha usalama, na kwa Intel uanzie jenereshoni ya 8. Wauzaji wanakuwekea hiyo 11 kwa nguvu, ukifika nyumbani inakohoa. Nikaona bora Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na nikachagua aina inaitwa Mint, ile yenye sura ya Xfce kwa sababu ni nyepesi na ni ya bure, hakuna cha kutafuta krak. Nikaipakua usiku, ni karibu GB 3, nikaiandika kwa flashi ya GB 8 nikitumia programu inaitwa Rufus.

Sasa kitu nilifanya vizuri ni kubeba hiyo flashi hadi kwa muuzaji. Mint inawaka kutoka kwa flashi bila kugusa diski, kwa hivyo unajaribu wifi, spika, kamera, kila kitufe cha kibodi, na pesa bado iko mfukoni. Jamaa akaniangalia kama mwizi. "Boss, hiyo unaingiza ni nini?" Nikamwambia omera tulia, nikiitoa utakuta Windows yako vile ilikuwa. Kwa HP unagonga Esc halafu F9, Lenovo ni F12. Ya kwanza kuingia baiosi, ile mipangilio ya ndani ya mashine, ikaitisha pasiwadi ya ofisi ilikotoka huko Uingereza, na muuzaji mwenyewe haijui, nikairudisha mezani polepole. Nyingine spika zimekufa. Nilipitia saba ndio nikatoka na tatu, shati limeloa jasho.

Kuinstol kwenyewe hakuna hadithi, unaiambia ifute diski yote, unaandika jina na pasiwadi, unachagua Nairobi kwa saa, unaenda kunywa chai. Chomeka chaja tu, betri za hizi mashine zinakaa dakika chache na stima za kwetu mnazijua. HP moja haikuona wifi kwa sababu kadi yake ni ya Broadcom, nikachomeka simu na kebo nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, nikafungua Driver Manager ikajitafutia draiva, risitati, kwisha.

Ile ilininyima usingizi ni HP ya mwisho. Imeinstol vizuri kabisa, naitoa flashi, naiwasha, skrini nyeusi imeandikwa Boot Device Not Found, na chini 3F0. Nikajua diski imekufa, hadi nikaanza kupanga maneno nitamwambia yule muuzaji kesho. Lakini nikirudisha flashi naiona diski, naona na faili zote ziko, sasa imekufaje? Nilikaa nayo hadi saa saba usiku nikiinstol na kuinstol, ndio nikaelewa hizi HP za wakati huo kwa UEFI, ile njia mpya ya kuwasha mashine, zinajua kutafuta Windows pekee, mfumo mwingine hata ukiwa hapo mlangoni zinaupita tu kama mgeni hajulikani. Dawa ni kubonyeza F10, uende kwa Boot Options utoe UEFI uweke Legacy, ile njia ya zamani, halafu uinstol upya flashi ikiwa imewaka kwa hiyo Legacy. Ikawaka mara moja. Nilicheka peke yangu usiku.

Kwa saibani shida ilikuwa moja tu. Kijana alileta CV yake ya Word, kwao ni kurasa mbili, kwa LibreOffice, ile ya bure tunayotumia badala ya Word, ikawa tatu, akaanza kuangalia mlango. Ilikuwa fonti, ameandika kwa Calibri na sisi hatuna. Nikaweka fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zimepimwa upana sawa na Calibri, CV ikarudi kurasa mbili. Kama una saiba weka hiyo siku ya kwanza, usingoje mteja akuaibishe.

Printa ilikubali bila hata sidii. Wateja hawaulizi kitu, wao ni Gmail na kuprinti. Shemeji naye kwa sababu ya ile nembo ya Mint ameamua hii ni "Windows ya kijani", ndio anawaambia wateja, na mimi nimeacha kumrekebisha.