Bando lililokwisha ndilo lililoniokoa

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na kipaimara, nyumbani hapa Tanga, kwa kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Novemba 2019 niliitaka programu moja ya kuhariri picha ambayo leseni yake sikuiweza. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikamwita fundi aniwekee ya kuchakachua.

Akaja na flashi yake inaning'inia shingoni. "Dada, hii antivairasi tuizime kwanza, itatusumbua." Nikaizima kwa mkono wangu. Ilikuwa imeshapiga kelele mara mbili, dirisha jekundu kabisa, nami nikaiona kama mbwa anayembwekea mgeni wa heshima.

Bando langu lilikuwa limekwisha tangu asubuhi, kwa hiyo kila kitu kilitoka kwenye flashi. Fundi alipoondoka na ujira wake, likatokea dirisha la Windows Update kunitaka nisubiri. Nikaenda zangu jikoni kuinjika wali. Nikikumbuka najicheka: kompyuta isiyo na intaneti inasasisha nini?

Niliporudi, picha zote zimegeuka vikaratasi vyeupe. Kila faili limeota mkia wa herufi 4 mwishoni mwa jina lake, na kila folda imewekewa barua ya Kiingereza, _readme.txt: mafaili yako tumeyafunga, lipa dola 980; ukiwahi ndani ya saa 72, nusu bei, dola 490. Hiyo nusu bei peke yake ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja. Dirisha lile la kusasisha lilikuwa pazia tu, nyuma yake kazi ikiendelea.

Jioni simu ikaita, mteja wangu mmoja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kadi zangu vipi?" Harusi ilikuwa wiki mbili mbele. Bahati nilikuwa nimemtumia sampuli WhatsApp, nikaichora upya usiku kucha kwa kompyuta ya jirani. Lakini kazi za miaka minne, na picha za marehemu baba, hazikuwa na nakala popote.

Aliyenitoa gizani ni binamu yangu, mwanafunzi wa chuo. Alinikataza mambo mawili: kulipa, na kufuta chochote. Kirusi chenyewe alikitambua, STOP/Djvu, na akasema kinapenda sana kusafiri ndani ya programu za kuchakachua. Mara nyingi huja na mwizi mwenzake anayezoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kwa hiyo usiku uleule nilikaa na simu nikibadilisha nywila ya barua pepe, ya Facebook, zote, na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Kisha akaniuliza swali nililoliona la kipuuzi: siku ile ulikuwa na bando? Kumbe kirusi hiki kikianza kazi hutafuta kwanza seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya wahalifu wenyewe kikapewe ufunguo wa kipekee kwa kila kompyuta. Kikikosa mtandao, hutumia ufunguo wa akiba kilichokuja nao, na ule ni mmoja kwa wote waliokumbwa na toleo hilohilo; ukipatikana, unawafungulia wote. Dalili yake iko kwenye namba ya utambulisho iliyomo ndani ya barua: ikiishia na t1, ni ufunguo wa akiba. Tukashuka na kipanya hadi mstari wa mwisho. t1.

Kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa Oktoba ile programu ya bure ya kufungulia. Tukaijaribu, ikajibu kwamba ufunguo wa toleo letu haujapatikana bado. Tukayahamishia mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, tukaifuta kompyuta yote na kupandisha Windows upya. Katika kusubiri niligundua kwamba kirusi hufunga kama kilobaiti 150 tu za mwanzo wa faili. Nikaukata ule mkia kwenye wimbo mmoja wa taarabu, nikabonyeza: ukaimba, umepungua sekunde chache za mwanzo. Na taarabu kwa utangulizi wake mrefu, wala hujui kilichopungua! Picha hazina huruma hiyo. Zikipoteza kichwa hazifunguki.

Machi 2020 tukajaribu tena, na mstari baada ya mstari ukaanza kupita kwenye skrini. Picha ya baba akiwa bandarini na kofia yake ilifunguka ya tatu au ya nne.

Tangu hapo sijaizima Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, hata siku moja, na nimeiwasha ile sehemu inayozuia programu ngeni kugusa folda za kazi. Inaudhi, wiki ya kwanza ilinizuia hata mimi. Picha nahariri kwa GIMP, ya bure na halali. Nilihangaika nayo miezi miwili kabla mkono haujazoea. Watoto wana akaunti yao isiyoweza kusakinisha kitu bila nywila yangu, ingawa najua akaunti ya namna hiyo peke yake isingeyaokoa mafaili yangu siku ile. Ninachokitegemea hasa ni diski mbili. Moja inachomekwa Ijumaa jioni, inanakili, inachomolewa na kurudi kabatini kwenye kanga. Ikibaki imechomekwa haina faida, maana kirusi kitaifunga nayo. Ya pili iko kwa dada yangu Muheza, tunabadilishana nikienda.

Flashi za wateja nazipokea, ila nawaomba kwanza wanitumie picha kwa barua pepe. Wengine hununa.

Mwaka uliofuata yule fundi alinipigia. Kompyuta ya dukani kwake, mafaili yameota mikia, afanyeje? Nikamwambia afungue ile barua, ashuke hadi chini kabisa, anisomee herufi mbili za mwisho za ile namba. Akasoma polepole. Nikamwomba arudie, akarudia.

Haikuwa t1. Nikamuuliza kama ana nakala mahali popote, naye akanyamaza.